Muuguzi Aliyepasuliwa Tumbo Asirudishwe Moja kwa Moja Zamu ya Usiku

Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya ya Zambia, Ofisi ya Afya ya Mkoa wa Luapula, na wakuu wa hospitali na vituo vya afya wilayani Nchelenge



Nawaandikia juu ya jambo ambalo kwenye ratiba ya zamu huonekana dogo sana. Muuguzi alikuwa likizo ya ugonjwa, amepasuliwa tumbo, sasa amerudi na cheti cha daktari kinachosema kidonda kimepona na anafaa kuendelea na kazi. Jina lake linarudishwa kwenye orodha, naye anapangiwa usiku kama wenzake. Hoja yangu ni kwamba cheti cha namna hiyo kimejibu swali jepesi na kuliacha zito. Kimesema mshono umeshika. Hakijasema kama mwili ule unaweza kukaa wodini saa 12 mfululizo, ukageuza wagonjwa vitandani, ukafika alfajiri bila kitu mdomoni. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, swali hilo la pili ndilo lenye hatari. Kwa hiyo naomba muuguzi wa namna hiyo arudishwe kazini hatua kwa hatua, kwa maandishi, na saa zake za kunywa na kula zipangwe kama zinavyopangwa saa za kugawa dawa.

Naandika kwa Kiswahili nikijua kwamba ofisi zenu hutumia Kiingereza na mitaani Nchelenge watu husema Kibemba. Lakini Kiswahili kimekuwepo kwenye mwambao huu wa Ziwa Mweru tangu misafara ya biashara ilipokuwa ikifika kwa mtawala Mwata Kazembe katika karne ya 19, na leo kimo wodini: wanakuja nacho wanaovuka kutoka Pweto na Kilwa ya upande wa Congo, pamoja na wakimbizi wa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018. Tena jambo lenyewe si la Zambia peke yake. Mkuu wa wauguzi wa Kigoma au Kalemie anaweza kuisoma barua hii kana kwamba imeandikiwa yeye.

Upasuaji wa kupunguza uzito haufanyiki Nchelenge. Anayeuhitaji hulazimika kusafiri mbali. Afrika Kusini, India na Nairobi ni miongoni mwa mahali panapotoa huduma hiyo. Maana yake ni kwamba akisharudi, daktari aliyempasua amebaki nchi nyingine. Hata Mansa, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nchelenge. Katika hali hiyo mtu ambaye uamuzi wake utamgusa muuguzi huyu kila siku ni mpanga zamu wake, si daktari wake. Na msidhani kuwa suala hili ni la mtu mmoja adimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban robo ya watu wazima wa Zambia wana uzito uliozidi au unene, na kazi ya usiku yenyewe, kama tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilivyoonyesha, huambatana na kuongezeka uzito. Tutawaona wengi zaidi miongoni mwa wauguzi wetu wakitafuta tiba hii. Ni afadhali kanuni iwepo kabla yao.

Upasuaji huu una namna mbili zinazojulikana zaidi. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi na kubakiza mrija mwembamba. Katika ya pili, hutengeneza kifuko cha mililita 30 hivi na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikachepuka na kuacha sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, mgonjwa akaruhusiwa baada ya siku chache, na mwenye kazi ya mezani akaweza kurudi ofisini kati ya wiki ya 2 na ya 4. Wepesi huo wa nje ndio unaotupoteza. Makovu ni madogo, mtu anatembea, anacheka, amepungua na watu wanamsifu. Ndani, hata hivyo, amepoteza uwezo mmoja ambao kila muuguzi wa zamu ndefu huutegemea bila kuufikiria: uwezo wa kula na kunywa kwa haraka pale nafasi inapopatikana.

Uwezo huo una maana kubwa kuliko tunavyodhani. Zamu ndefu katika hospitali zetu haiendeshwi kwa mapumziko yaliyopangwa. Inaendeshwa kwa nafasi za bahati. Muuguzi aliyekosa maji tangu asubuhi hunywa chupa nzima kwa mkupuo saa nane mchana, akala sahani yake kwa dakika kumi, akarudi kazini akiwa amefidia. Aliyepasuliwa hawezi kufidia. Anatakiwa kufikisha angalau lita 1.5 za maji kwa siku, kwa mafunda madogo, tena asiyachanganye na chakula bali aache nusu saa hivi kati ya kula na kunywa. Pigeni hesabu: lita 1.5 kwa saa 15 za kuwa macho ni mililita 100 kila saa. Akipitiwa na saa sita za wodi iliyofurika bila kunywa, amekosa mililita 600, na hizo haziwezi kuongezwa juu ya mgao wa saa zinazofuata kwa sababu hazina mahali pa kukaa. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha hospitalini watu waliofanyiwa upasuaji huu katika majuma ya mwanzo. Protini nayo ina hesabu kama hiyo: gramu 60 kwa siku au zaidi, kupitia milo midogo mitano au sita. Mlo mmoja ukiruka, haurudi. Hapo sijataja kuinua vitu vizito, jambo ambalo hukatazwa kwa wiki 4 hadi 6 ili ngiri isitokee kwenye makovu, ilhali kumgeuza mgonjwa aliyepoteza fahamu ni kuinua uzito wa mtu mzima.

Tuilete hesabu hiyo Kashikishi, hapa wilayani Nchelenge. Chakula kikuu cha Luapula ni ugali wa muhogo, na unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Kwa mwenye tumbo kamili hilo si tatizo, kwa sababu kitoweo hufuata na kujaza pengo. Kwa mwenye tumbo la mrija, matonge machache yanalijaza kabla samaki hajafikiwa, naye anashinda akiwa ameshiba huku misuli yake inaliwa. Afadhali ziwa liko mlangoni. Chisense, kidagaa kinachoanikwa juani kwenye ufuko huu huu, kina protini nyingi katika ujazo mdogo, na kikikaushwa vizuri hubebeka. Ila kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na samaki wabichi wakawa adimu sokoni katika miezi ileile ya mvua. Muuguzi atajipanga, atanunua mapema, atabeba kikopo chake. Hilo ni jukumu lake na sipendekezi hospitali impikie. Lakini kikopo hakina faida kama hakuna mtu aliyeandikwa kushika wodi kwa robo saa ili kifunguliwe.

Kisha kuna malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zilizoelemewa zaidi na ugonjwa huu nchini, na ndiyo sababu Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na washirika wake wa kimataifa wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Mbu aina ya funestus, ambaye ndiye mwenezaji mkubwa hapa, huuma zaidi usiku wa manane, saa ambazo wenye kulala wako ndani ya chandarua na muuguzi wa zamu amesimama kazini. Sasa mfikirieni aliyepasuliwa akipata malaria mwezi wa pili baada ya upasuaji. Anatapika, wakati hana akiba ya maji. Akitapika kwa siku kadhaa anaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu wa vitamini hiyo hudhuru mishipa ya fahamu na ubongo. Dawa anayopewa, artemeta na lumefantrini, hufyonzwa vizuri ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta, na mafuta ndiyo ambayo tumbo hilo jipya huyakataa mara nyingi katika majuma ya mwanzo. Malaria inakula damu. Upasuaji wa kuchepusha njia ya chakula unapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma na vitamini B12, vitu viwili ambavyo mwili unavihitaji ili kutengeneza damu nyingine. Mgongo ukimuuma baada ya zamu, hata zile dawa za maumivu zilizozoeleka, ibuprofeni na diklofenaki, haruhusiwi kuzitumia, kwa sababu zinaweza kumletea vidonda vya tumbo. Nimeeleza haya kwa urefu kwa kuwa mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya muuguzi wa Johannesburg au London hautayataja yote. Nyinyi mnaijua Nchelenge. Ni nyinyi mnaoweza kuyaona.

Na mgonjwa je? Mwaka 2004 Ann Rogers na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wauguzi 393 wa Marekani, wakaona kwamba zamu ikifika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kufanya kosa huwa karibu mara tatu. Mwaka 2014 Peter Griffiths na wenzake walichambua majibu ya wauguzi zaidi ya 31,000 kutoka nchi 12 za Ulaya: waliofanya zamu za saa 12 na kuendelea walieleza zaidi kwamba huduma ilikuwa duni, usalama mdogo, na kazi zilizobaki bila kufanywa nyingi. Hao walikuwa wauguzi wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwa wametoka kupasuliwa. Mkimweka kwenye zamu hiyo mtu ambaye sukari yake ya damu inaweza kushuka saa moja hadi tatu baada ya kula, au ambaye ana kizunguzungu cha kiu, anayelipa ni mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali anayesubiri damu, na mama yake aliyemkabidhi kwa sista akiamini kuwa sista yuko sawa.

Hata sheria na makubaliano ya kazi hayako mbali na ninachokiomba. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 157 la mwaka 1977 linaloandamana na Mkataba Na. 149 juu ya wauguzi, mkataba ambao Zambia imeuridhia, linasema siku ya kazi ya muuguzi pamoja na saa za ziada isizidi saa 12, na kati ya zamu na zamu kuwe na mapumziko ya angalau saa 12. Jirani yetu Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amhamishe kutoka zamu ya usiku mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kufanya kazi usiku, isipokuwa pale isipowezekana. Sheria hiyo imetambua kwamba mtu anaweza kufaa kwa kazi na asifae kwa usiku, na kwamba daktari anaweza kulithibitisha hilo. Kwetu, Sheria ya Ajira Na. 3 ya mwaka 2019 imempa mwenye mkataba wa muda mrefu likizo ya ugonjwa ya miezi 3 kwa mshahara kamili na mingine 3 kwa nusu mshahara. Ni haki kubwa, na sitaki iguswe. Lakini likizo huhesabu siku ambazo mtu hayupo. Mimi natetea siku ambazo amerudi.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina uzito: wauguzi hawatoshi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na Zambia bado haijafika hapo, ingawa mwaka 2022 serikali iliajiri wahudumu wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo. Mkuu wa wodi ataniuliza: nikimtoa huyu usiku, nani ataingia? Namjibu kwa hesabu ya saa. Siku tano za saa 8 ni saa 40. Zamu tatu za saa 12 ni saa 36, zamu nne ni 48. Kwa hiyo muuguzi anayefanya zamu fupi za mchana hajamnyima mwajiri saa nyingi za kazi, huenda hajamnyima hata moja. Kinachobadilika ni saa hizo zimeangukia wapi. Wilaya yoyote ina kazi za mchana zinazohitaji muuguzi kamili: kliniki ya wajawazito, chanjo, kliniki ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, mapokezi ya wagonjwa wa nje, stoo ya dawa, ripoti za mwezi. Anayefanya kazi hizo leo apande wodini usiku kwa miezi mitatu, aliyepasuliwa ashuke kliniki, kisha kila mmoja arudi mahali pake. Hii ni kubadilishana, nayo haihitaji ajira mpya. Upande wa pili wa mizani kuna muuguzi aliyeanguka wodini na sasa amelazwa. Huyo hayupo mchana wala usiku, na mwenzake mmoja anamhudumia.

Palipo na kituo chenye muuguzi mmoja tu, sina jibu jepesi. Hapo hakuna wa kubadilishana naye, na kumwambia apumzike ni maneno matupu kwa sababu mwanamke mwenye uchungu atamgongea mlango saa saba usiku. Njia pekee ya haki ni asirudishwe huko katika miezi mitatu ya kwanza. Apangiwe kwa muda hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi, au kituo chenye wauguzi kadhaa, na mwingine ashike nafasi yake. Nasisitiza zaidi kuhusu visiwa vya Chisenga na Kilwa (Kilwa ya kisiwani, si ule mji wa upande wa Congo). Kwenda huko ni mashua, jua, na saa nyingi bila choo, na Mweru ikichafuka safari hulala. Aliye katika wiki zake za kwanza akianza kutapika kisiwani, huenda asivuke siku hiyo. Muwahurumie pia wagonjwa wa visiwani, ambao muuguzi wao akiugua hawana mwingine.

Wengine watasema upasuaji huu ni hiari, tena ni anasa ya mwenye fedha, na aliyeuchagua abebe mzigo wake. Siwezi kukubaliana nao. Unene uliokithiri ni ugonjwa unaoleta kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Utafiti wa Sweden wa Lars Sjöström na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007 na kufuatilia watu zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wenye unene kama wao ambao hawakupasuliwa, tofauti ya karibu asilimia 30 baada ya kusawazisha mambo mengine. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza masharti yaliyokuwepo tangu 1991, vikiuhesabu kuwa tiba inayostahili kutolewa mapema zaidi. Lakini hata mtu asipoyakubali hayo, bado atakabiliwa na swali hili: mwili uliosimama mbele yake zamu inapoanza unaweza nini leo? Mfupa uliovunjika kwenye mpira wa Jumapili nao ulitokana na hiari, na hakuna anayemtuma mwenye plasta kubeba machela.

Lipo na suala la wenzake. Wauguzi waliobaki na usiku mwingi watanung'unika, na wana haki kama mpango utakuwa wa upendeleo wa chini kwa chini. Ndiyo maana nasisitiza maandishi na tarehe ya mwisho. Manung'uniko mengi ya wodini hutokana na mambo yasiyo na kikomo wala maelezo. Kwa hiyo mpango uwe uleule kwa kila aliyepasuliwa tumbo: aliyejifungua kwa upasuaji, aliyetolewa uvimbe wa kizazi, aliyerekebishwa ngiri, na aliyepunguzwa tumbo. Hao watatu wa kwanza wako tayari kwenye ratiba zenu, mwaka huu, Nchelenge. Na karatasi isitaje ni upasuaji gani. Itaje tu anachoweza na asichoweza kufanya, na mpaka lini. Mji wa Nchelenge ni mdogo, na habari ya mwili wa mtu ni yake.

Ninachoomba basi ni waraka mmoja. Useme kwamba anayerudi baada ya kupasuliwa tumbo ataanza na zamu za mchana zisizozidi saa 8 kwa wiki 12, bila usiku, bila kuwa peke yake wodini, bila safari za visiwani; hatainua wagonjwa hadi daktari aandike kuwa anaweza; atapata dakika 15 kila baada ya saa mbili hadi tatu za kunywa na kula, na jina la atakayemshikia wodi liandikwe kwenye ratiba ile ile. Wiki ya 12 apimwe damu, aonane na daktari au ofisa tabibu, ndipo iamuliwe kama usiku unarudi. Kwa aliyechepushwa njia ya chakula, dakika zile 15 zibaki hata baada ya hapo, kwa sababu kushuka kwa sukari mara nyingi hujitokeza baada ya mwaka au zaidi, wakati kila mtu amekwisha kusahau kuwa alipasuliwa. Na daktari aulizwe swali linalofaa: badala ya kuandika tu kwamba mgonjwa anafaa kwa kazi, aandike anafaa kwa saa ngapi, mchana au usiku, na kwa uzito gani wa kuinua.

Hakuna kati ya hayo linalongoja Bunge. Ofisi ya Afya ya Mkoa inaweza kuutoa waraka huo Mansa, na mkuu wa wauguzi wa Nchelenge anaweza kuanza kuutumia kwenye ratiba ya mwezi ujao. Nawaomba muuandike.